Salamu Zimetosha

Kwanza niseme ujinga wangu, maana nikiuficha binamu zangu watausema wao, tena kwa kuongeza chumvi: niliandika programu ya kutupa salamu. Si salamu za mdomoni. Hizo zingenishinda, kwa sababu watu wetu wa hapa Carrollton, Texas, wakikutana kwenye maegesho ya kanisa wanaulizana habari mpaka aiskrimu inayeyuka ndani ya gari. Nilitupa salamu za barua pepe. Na kama vile haitoshi, nikawa namjibu aliyesalimia.

Mwaka jana, kabla korona haijatufungia ndani, nilikuwa nimejipa kazi ya kutengeneza mfumo mpya wa barua pepe kwa watu wenye tovuti. Wazo lenyewe bado nalitetea: mwenye tovuti asome barua zake mlemle ndani ya tovuti, kwa anwani yenye jina lake, asihangaike kwenda kwingine. Mwalimu wetu wa kompyuta alisema hiyo ni kazi ya watu wazima. Mimi nikasikia kwamba mimi ni mtu mzima.

Nilikuwa na watumiaji wawili. Wa kwanza alikuwa kinyozi Mkongo aliyeninyoa bure ili nimtengenezee tovuti, na kwa jinsi alivyoninyoa, tulikuwa sawasawa. Wa pili alikuwa mama yangu.

Mama hakuwa na biashara. Alikuwa anapanga maboksi kwenye ghala, na akirudi nyumbani miguu imevimba kama maandazi. Tovuti aliitaka kwa sababu moja tu: alikuwa anamtafuta mtu. Kule kambini Tanzania, nilipozaliwa, Mama aliumwa mpaka maziwa yakakauka, na jirani yetu, Mrundi mwenzetu mwenye mtoto wake mchanga, akaninyonyesha mimi pamoja na wake. Baadaye sisi tukapata ndege ya kuja Texas, yeye akabaki. Kisha watu wakahamishwa, namba za simu zikafa, na kila aliyetoka kule akiulizwa anasema, "Nasikia alikwenda..." halafu anataja nchi ambayo mwenzake hakuitaja.

Basi tovuti ilikuwa na picha ya Mama, jina aliloitwa kambini, na maneno aliyoniamuru niandike: Kama unanifahamu, niandikie. Alitaka pia niweke namba ya simu. Nikamwambia hapana, matapeli watakupigia. Ukweli ni kwamba nilitaka barua zote zipite kwenye mfumo wangu, nao upate kazi ya kufanya.

Kila jioni, kabla hajamaliza kuvua viatu, aliuliza, "Kuna barua?"

"Spam tu, Mama."

"Huyo Spam ndiyo nani?"

"Ni watu wanaokupenda bila sababu."

"Basi si kama wewe," alisema. "Wewe unanipenda ukiona sahani."

Na kweli spam, hizo barua taka, zilikuwa zinamiminika. Nilipozichunguza nikaona zote zinaanza namna moja: mpendwa katika Bwana, natumai u mzima wa afya, Mungu akubariki wewe na familia. Kinyozi alikuwa amechoka. "Petit, mdogo wangu, hawa watu wananisalimia kuliko mke wangu, na hakuna hata mmoja anataka kunyolewa!" Nikakaa nikaandika kanuni: mfumo usome mistari mitatu ya mwanzo. Ukikuta salamu imefuatana na salamu, jambo lenyewe halijatajwa, barua iende kapuni, ibaki ile mistari mitatu tu ili isijaze nafasi. Kisha, kwa kuwa mimi ni mimi, nikaweka jibu la kwenda lenyewe: "Salamu zimetosha. Kama una shida, taja shida. Kama huna, usitusumbue." Chini yake likawa linajiandika jina la mwenye tovuti.

Nilimwonyesha kinyozi. Alicheka mpaka akazima mashine, mteja akabaki na nusu ya nywele. Nikatoka pale najiona fundi mkubwa.

Mama sikumwonyesha.

Kikasha cha barua kikawa kitupu, kisafi kabisa. Kwa muda mrefu jibu langu la jioni likawa "Hakuna kitu, Mama," na nilikuwa nalisema kwa majivuno, kama mtu aliyefagia.

Halafu siku moja nimerudi kutoka shule, nakuta Mama hajavua viatu. Amekaa mezani mbele ya kompyuta, midomo inacheza anaposoma. Ghafla akapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

"Ni yeye! Yuko hai! Njoo usome, njoo, mama yako huyu!"

Nikainama nikasoma. Barua ilikuwa fupi: "Nimesikia, dada yangu. Sikuja na shida. Nilitaka kukuona tu. Ni mimi, mama wa pili wa mtoto."

Mama alikuwa anacheka na kujifuta macho kwa ukosi wa sare ya ghala. Akaisoma tena kwa sauti. Akasimama pale mwanzoni.

"Nimesikia. Amesikia nini?" Akanigeukia. "Mimi nimemwambia nini huyu?"

Nilikuwa nimeshaelewa. Hii imepita kwa sababu haina salamu hata moja. Ile iliyokuwa na salamu ilitangulia.

Nilimfungulia kapu. Ilikuwepo, mistari yake mitatu: "Dada mpenzi, salamu sana katika jina la Bwana. Natumai u mzima wa afya, nami ni mzima, namshukuru Mungu. Na yule mtoto wetu, mwenye kilio cha mbuzi, hajambo? Anakula? Nimekuona kwenye simu ya kijana wa hapa kazini nikapiga ke"

Basi. Hapo ndipo nilipoikata. Yote yaliyofuata, yuko wapi, anakaa na nani, yule mtoto wake niliyegombania naye ziwa yuko wapi, niliyafuta kuokoa nafasi. Na chini yake, kwa jina la Mama, jibu langu.

Mama alilisoma lile jibu taratibu, kila neno, kama anayejifunza kusoma. Nikangoja kofi. Ningelipokea kwa shukrani. Halikuja.

Tuliandika kuomba radhi siku ileile. Aliyejibu ni kijana mwenye simu: "Yule mama tulikuwa tunasafisha naye vyumba hotelini hapa Katy. Ameacha kazi. Alisema anahamia jimbo jingine. Simu hana, alikuwa anaazima yangu. Poleni." Nikamwandikia tena, jimbo gani? Akajibu hajui.

Katy! Saa nne tu za barabara. Tulikuwa tunamtafuta Afrika nzima, naye anatandika vitanda upande wa pili wa Houston.

Niliifuta ile kanuni. Sasa kila tapeli anayetusalimia anaingia, nami namsoma mpaka mwisho.

Jumapili iliyofuata Mama alikosa misa, jambo ambalo sijawahi kuliona. Tulishuka mpaka Katy bila redio, hadi hoteli aliyotuelekeza yule kijana. Dada wa mapokezi alisema kwa upole kwamba haruhusiwi kutoa habari za wafanyakazi. Mama akauliza kwa Kiingereza chake, akauliza tena kwa Kiswahili, kana kwamba huenda lugha ndiyo tatizo. Yule kijana mwenye simu hakuwa zamuni. Tukatoka. Mlangoni kulikuwa na kigari cha mashuka, Mama akakishika kidogo, akakiacha.

Ndani ya gari hakuwasha injini. Nilitaka kusema kichekesho, chochote, kwa sababu ndiyo kazi yangu katika nyumba yetu. Nikasema, "Nisamehe, Mama."

"Soma ile ya kwanza," akasema.

Nikatoa simu nikamsomea mistari mitatu. Nilipofika "nikapiga ke", maneno yakaisha. Akaangalia madirisha ya vyumba, moja baada ya jingine. Kisha akasema:

"Amekuuliza kama hujambo na kama unakula. Haya, mjibu."