Saliha Ajifunza Kugombana kwa Kiingereza

Tangu nihamie mtaa huu wa Bwiza kutoka Uvira, miaka kumi na minane sasa, sijawahi kuhitaji saa ya kuniamsha. Naamshwa na matusi ya Saliha. Ukuta wetu ni mmoja, tena una nyufa, na kila asubuhi namsikia akimshukia mke mwenzake: "We mwizi! We kichwa ya papai! Acha bwana yangu!" Mke mwenza mwenyewe anaitwa Adija, ana miaka minane, na ni mjukuu wake. Mume wanayemgombania ni mzee Uthmani, fundi magari aliyestaafu. Sikio lake moja halisikii kabisa, na la pili analitumia akipenda.

Asiyetujua atadhani nyumba imeingiliwa na mashetani. Kwetu bibi na mjukuu wake wa kike ni wake wenza, ndivyo tulivyowakuta wazee wetu. Bibi anatukana, mjukuu anajibu, mzee anakunywa chai yake. Mjukuu asiyejibu huyo ni mgeni tu, mpe kiti na maji ya kunywa.

Saliha ana kiduka cha vifungo, nyuzi na zipu. Mtu anakuja kununua kifungo, anarudi kwake na kifungo na tusi, na kesho anakuja tena. Mimi mwenyewe alishaniambia kwamba nikitembea, kuku wanacheka. Nilirudi nyumbani kujitazama kwenye kioo, na sikuona alichokosea.

Kilichomtesa kilikuwa mke mwenza wa pili, Houda, mtoto wa binti yake Waridi. Houda alizaliwa Kanada na ana miaka kumi. Kiswahili hana, Kirundi hana, ana Kiingereza peke yake. Kila Ijumaa walipigiana simu ya video. Saliha alirusha tusi lake zuri kuliko yote ya wiki, mtoto akamtazama mama yake, Waridi akanong'ona neno, mtoto akatabasamu kama karani wa benki na kusema "Thank you, Grandma." Basi, imekwisha hiyo, mpaka Ijumaa nyingine.

Ijumaa moja nilikuwa nimekaa pale pale, mimi na Kiingereza changu cha miaka mitatu kwa mwalimu Mawazo. Nikasikia kile alichokinong'ona Waridi. Na mdomo wangu, kama kawaida yake, haukuningoja.

"Mama Waridi, yeye anamwambia mutoto kama unamupenda."

Saliha akashika kifua. "Mi nimemwambia ana meno kama ya sungura, yeye anasema namupenda?"

"Lakini si unamupenda?"

"Léocadie, mambo ya kupenda inasemwaka na mutu mwenye akili?"

Miaka yote ile, matusi yake yote yalikuwa yanageuzwa uji wa mgonjwa. Halafu ikaja habari kwamba watakuja Julai, kwa siku kumi. Waridi alisema wazi kwamba safari nyingine haijui, labda mtoto atakapokuwa mkubwa. Saliha hakuomba zawadi. Alitaka kitu kimoja katika siku hizo kumi: mjukuu wake amtukane.

Kesho yake nilimpeleka kwa Mawazo, anayefundisha katika chumba nyuma ya kanisa letu na ndiye kiongozi wa kwaya. Saliha aliingia na mtandio wake na tasbihi mkononi, na kabla hajakaa, nusu ya Bwiza ilishajua kwamba amebatizwa.

"Mwalimu, mi sitaki salamu. Nifundishe matusi."

"Apana, Mama Waridi. Hapa ni nyumba ya Mungu."

"Kwani Mungu wenu anasikia Kiingereza?"

Mawazo akafuta ubao wote, akaandika kitenzi kimoja tu: get. "Chukua hii," akasema. "Hii verbe moja inafanya kazi ya verbe makumi ine." Akaanza kuhesabu, na kweli sikuamini. Kupata barua ni hiyo. Kufika nyumbani ni hiyo. Kuamka, kupanda basi, kushuka, kuelewa, kupatana na jirani, kumwita daktari, yote ni hiyo hiyo, unabadilisha mkia tu. Kuolewa ni hiyo, kuugua ni hiyo, kuzeeka pia.

"Kuolewa na kugonjwa ni verbe moja?" Saliha akauliza.

"Njo ivyo, mama."

"Basi ule aliyeitunga alikuwa ameolewa."

Akafikiri kidogo, kisha uso ukamng'aa. Mumewe aliwahi kufanya kazi Kigoma, na kule mafundi wana spana inayojirekebisha, inakubali kila nati, kubwa kwa ndogo. Jina lake ni spana malaya. "Mwalimu," akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "kumbe hii ni verbe malaya!" Mawazo akafunga dirisha la upande wa kanisa.

Baadaye akamwomba sentensi moja maalumu: jitafutie mume wako mwenyewe. Mawazo akazunguka chumba mara tatu akipima dhamiri yake. Mwishowe akasema, "Hiyo si tusi. Hiyo ni shauri." Akaiandika: Get your own husband.

Miezi miwili Saliha alifanya mazoezi, na sisi ndio tuliolipa. Mteja akichelewa kuchagua kifungo, get out. Mzee akichelewa kuamka, get up. Mbuzi wa jirani akipanda kibarazani, get down, na mbuzi alishuka, kwa hiyo nasema Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

Siku yenyewe, teksi ikasimama mlangoni. Houda akashuka na kibegi chake mgongoni, mwembamba, meno kweli ya sungura. Saliha alikuwa kizingitini, mikono kiunoni, amevaa kitenge cha Idi. Akavuta pumzi.

"Get out of my house! Get your own husband!"

Toka nyumbani kwangu, jitafutie mume wako mwenyewe! Kila neno mahali pake. Nilijivuna kama mimi ndiye niliyemfundisha. Safari hii Waridi hakuwahi kunong'ona lolote. Houda akamtazama bibi yake, akageuka, akarudi ndani ya teksi, akafunga mlango. Halafu akafunga na mkanda.

"Mama!" Waridi akapiga kelele. "Mutoto amesafiri siku mbili, na we unamufukuza?"

"Si nimemupokea!" Saliha akasema.

Siku zilizofuata mtoto alishukuru kila kitu, hata maji. Bibi akipita, alisogea pembeni kama mbele ya polisi. Adija alikatazwa na shangazi yake Waridi kupiga kelele mbele ya mgeni. Siku ya tatu nilichelewa kuamka, na siku ya nne pia. Nikamkuta Saliha ukutani kwangu, macho mekundu.

"Mi ni mujinga, Léocadie. Mutoto ametoka Kanada ili mimi nimuogopeshe."

Nililia naye, ingawa hasira zangu zilikuwa kwa Mawazo. Tukaenda sote wawili kumrudishia kitenzi chake. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mama Waridi, weye nani alikufundishaka kugombana na bibi yako?"

"Hakuna mutu. Niliona dada zangu..." Saliha akainuka, akaondoka bila kuaga, kandambili moja akaiacha pale.

Kesho yake asubuhi nikaamshwa. Nikachungulia kwenye ufa. Saliha alikuwa amempa Adija ruhusa yote, na Adija, baada ya siku nne za kufungwa mdomo, alikuwa amejaa. Alikaa kwenye kiti cha bibi yake kando ya mzee, akamvua kofia, akaivaa. "Huyu ni bwana yangu! Weye umezeeka, rudi kwenu Carama!" Saliha akamfinya, akamwita chura, akamfukuza kuzunguka sufuria. Halafu, bado anatukana, akamfuta kamasi kwa ncha ya kitenge chake na kumpa andazi kubwa kuliko yote. Houda alikuwa amesimama mlangoni. Aliona matusi, na aliona andazi.

Siku ya sita alisogeza kigoda karibu. Siku ya saba alicheka, akaziba mdomo. Siku ya nane na ya tisa hakuna kitu, ila asante na asante. Saliha akaniambia ameshakubali, Mungu hampi mtu yote.

Asubuhi ya safari nikaamshwa na ukelele ambao sijawahi kuusikia, na nimesikia mingi. "Nimetukanwa!" Nikatoka na nguo ya kulalia. Houda alikuwa kwenye kiti cha Saliha, kofia ya mzee imemfika masikioni, anammiminia mzee chai mpaka inafurika kwenye kisahani. Saliha alikuwa amesimama mbele yake, mikono kichwani.

"Léocadie, mwambie arudilie! Nataka shahidi!"

Houda hakungoja kuambiwa. Akamtazama bibi yake toka kichwani mpaka miguuni, kama alivyofundishwa na Adija, akasema, "Get out of my house, Grandma. Get your own husband."

Saliha akatoka mbio barabarani, machozi yanamtiririka, mtandio umeangukia mabegani. "Watu wa Bwiza, njooni! Nimetukanwa na muke mwenzangu! Amenifukuza kwangu!" Mzee Uthmani akauliza kama chai imetiwa sukari.

Houda akamgeukia mama yake, aliyekuwa amesimama na masanduku, akamuuliza bibi anasema nini. Waridi akamjibu kwamba anasema anampenda. Nilisikia vizuri, na safari hii sikusahihisha.