Wenye ndege wamekuja kwa gari

Jamani, wenye ndege wapya wamefika leo. Kwa gari!

Siku tatu nimefyeka kiwanja chetu cha ndege hapa Ipyana, peke yangu, na uzee huu. Nikafunga kitambaa kipya cha kuonyesha upepo. Nikatangazia kijiji kizima: wakishuka tu, mkono wa kwanza ni wangu.

Shirika la ndege lilikuwa linakufa, matajiri wanne wakaungana wakalinunua. Nikasema tumepona.

Mimi ndiye ninayefukuza ng'ombe kiwanjani miaka ishirini na moja. Hakuna rubani aliyegonga hata ndama. Ulizeni!

Nikamwuliza mkubwa wao, "Ndege ya huku inarudi lini?"

"Mzee, tumenunua ndege. Viwanja vya nyasi hatukununua."

"Na mimi je?"

Akatazama saa yake. "Pole, mzee."

Wakaondoka. Vumbi lote likabaki kwangu.

Kugeuka, ng'ombe wa jirani wameshaingia kiwanjani. Nikawakimbiza na fimbo mpaka pumzi ikakata.

Jirani akacheka. "Baba Tumaini, unawafukuza wampishe nani?"

Nyie mngemjibuje?

Kesho nitawafukuza tena.