Pepo wa Spika

"Hiyo ni pepo!" mama alimfokea mpiga gitaa wetu.

"Si pepo, mathe. Ni roki."

"Kama si pepo, mbona inalia na hujaigusa?"

Kweli gitaa lilikuwa likipiga yowe lenyewe, maana alikuwa amesimama nalo karibu mno na spika. Tulifanyia mazoezi nyuma ya duka la kinyozi, hapa mtaani Kangemi, na mimi nilipiga besi. Tangu niache shule sikuwa na kitu kingine changu ila bendi hiyo, na mama alikuwa amekuja kunitoa.

Aliinua mikono yote miwili. "Toka! Toka kwa jina la Yesu!"

Mpiga gitaa alishtuka, akaruka hadi ukutani, mbali na spika. Yowe likakatika papo hapo.

Mama mwenyewe aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Nani angethubutu kumweleza habari za spika wakati huo? Hata sisi tuliojua nusura tuamini.

Alichukua kibeti chake, akafika mlangoni, akanigeukia.

"Pepo imetoka. Sasa pigeni, lakini wewe, saa kumi na mbili uwe kwa nyumba."