Shukrani Waliyoitoa Kabla Hajachagua

Kitenge kilikuwa cha buluu chenye maua ya njano, na shemeji yangu alikileta mwenyewe hapa barazani Chemchem ninaposhonea. Alisema ukoo umeamua kutoa shukrani kanisani kwa sababu binti yangu amemaliza kidato cha sita, hivyo wote tuvae sare. Sikuona ubaya. Kwetu mtu akipona, akijenga au akifaulu, ndugu zake hushona nguo za kitambaa kimoja, wakatoka mbele siku ya Jumapili, kwaya ikaimba na watu wakapita kuwapa mkono. Nikapima, nikakata, nikashona. Mpaka leo nikikumbuka kwamba nguo za shughuli ile zilitoka kwenye cherehani yangu, hasira inaanza upya.

Shemeji huyu ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, na ni mzee wa kanisa. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyezoea kuamua, na watu wamezoea kumwachia.

Binti yangu wakati ule alikuwa amepata nafasi mbili: chuo kikuu kusomea udaktari, na chuo cha afya kusomea utabibu. Tabibu husoma miaka mitatu, naye ndiye unayemkuta katika zahanati nyingi za vijijini. Anapima, anatibu, anashona jeraha, na mgonjwa anayemshinda anampeleka hospitali. Daktari husoma miaka mitano, na baada ya hapo bado hufanya kazi mwaka mzima chini ya wakubwa wake. Watu walikuwa wakituambia aanze na utabibu, kisha atapanda kidogo kidogo. Niliulizia, nikasoma, nikaona ngazi ile ya zamani haipo tena. Tabibu akitaka udaktari sasa, anaingia chuo kikuu na kuanza mwaka wa kwanza kama wengine. Kwa hiyo halikuwa jambo la kuchagua kwa kubahatisha.

Shule yangu mimi iliishia darasa la saba. Kuchora mitindo nimejifundisha, Kiingereza cha kusomea nimejifundisha, na baiolojia niliisoma kwenye vitabu vya binti yangu baada ya kufunika cherehani. Mtu aliyejifundisha mwenyewe haamini jambo mpaka amelipitia hatua kwa hatua, na ndivyo nilivyotaka mwanangu afanye. Nilimwambia aende kwanza akaione kila kazi kwa macho yake.

Akaenda Sikonge kwa bibi yake, akawa anamsindikiza zahanati na kukaa kwenye benchi mpaka foleni iishe. Aliporudi mjini, jirani yetu muuguzi akamsaidia kupata ruhusa ya kushinda hospitalini siku kadhaa. Wiki moja alikuja akisema kule kijijini hakuna daktari wa kungojwa, ama yupo tabibu ama hakuna mtu. Wiki iliyofuata alikuwa amemwona mama aliyepasuliwa akafumbua macho, naye akawa hataki kusikia kingine ila chuo kikuu. Mimi moyoni nilitaka udaktari. Sikumwambia. Nilifunga mdomo kwa makusudi, na kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi ngumu kuliko kushona suti. Muda wa kuthibitisha nafasi ulikuwa bado, na nilimwona akifikiri vizuri.

Jumapili ikafika. Tukatoka mbele na maua yetu ya njano. Shemeji akashika kipaza sauti, akasalimia, akashukuru, kisha akasema, "Leo ukoo wetu unamleta daktari wake wa kwanza." Vigelegele. Mchungaji akamwita binti yangu, akamwekea mkono kichwani na kuombea masomo yake ya udaktari. Watu wakaanza kupita wakimpa mkono, "Hongera, daktari," na mabibi wa Itetemia waliomwona akizaliwa wanalia kwa furaha.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Niliona mishono yangu mabegani mwake, na mabega yale yalikuwa yamekakamaa. Mji huu ulikua kwa njia ya misafara, wapagazi wakipokezana mizigo ya watu wengine, na siku ile niliona bado tunajua kumtwisha mtu kichwani bila kumuuliza anakwenda wapi. Maneno yaliyosemwa madhabahuni hayarudishwi. Ukiyarudisha, unamfanya mzee mwongo na sala ya mchungaji unaifanya mchezo. Shemeji alilijua hilo. Ndiyo maana hakuja kuzungumza nasi nyumbani, alikuja na kitenge.

Kwa desturi, anayeshukuriwa hupewa kipaza sauti aseme neno. Binti yangu akakipokea kwa mikono miwili.

"Shikamooni wazazi wangu," akasema. "Ninawashukuru kwa maombi. Naomba mniombee na hili: ninakwenda kusomea utabibu."

Kwaya ilichelewa kuanza. Shemeji akacheka kidogo, akachukua kipaza sauti, akasema vijana wa siku hizi wana unyenyekevu, utabibu ndio mlango wa udaktari. Watu wakapumua.

Nje, chini ya ukuta wa kanisa, alinijia. "Shemeji, umemfundisha kunitia aibu."

Nikamwambia sikumfundisha kitu, na kama kuna aibu, ameileta yeye kwa pisi nzima ya kitenge.

Kesho yake wateja walikuwa wameshapata habari. Mmoja, Msukuma wa Nzega ambaye mimi ni mtani wake, alisimama barazani akajishika kiuno. "Mama daktari, kupimwa nguo kwako sasa ni mpaka niandikishe kadi? Au nimpitie tabibu kwanza?" Nilicheka, maana utani haukataliwi, lakini siku hiyo nilimkatia bega la nguo vibaya.

Jioni, wakati binti yangu anachambua mchele, nilimuuliza aliamua lini.

"Pale pale, Mama."

"Kwa sababu ndiyo uliyoitaka?"

Aliendelea kuchambua. "Sijui. Nilijua tu kwamba sitarudi nyumbani nikiwa nimeamuliwa."

Hilo ndilo ninalomdai shemeji mpaka leo. Angemwacha, huenda angechagua utabibu huo huo, nami ningenung'unika wiki moja yakaisha. Au angechagua udaktari. Sasa hakuna ajuaye, hata yeye mwenyewe. Walimnyang'anya ndiyo yake, wakaitia doa na hapana yake.

Leo ni tabibu katika zahanati iliyo mbele ya Sikonge, kwenye barabara za vumbi ambako wagonjwa huletwa kwa baiskeli. Wanampenda, na kazi anaiweza. Niliwahi kumuuliza kama anajutia, akaniambia, "Mama, kila ukiniuliza hivyo unanirudisha pale mbele." Nikaacha kuuliza.

Mwezi uliopita shemeji alikuja tena barazani, na kitenge kipya mkononi, chekundu. Huwaambia wageni kwamba daktari wetu yuko Sikonge. Sasa anataka shukrani ya kazi.

"Umemuuliza mwenyewe?" nikasema.

"Mtoto wetu huyo, shemeji. Ataulizwa nini?"

Nikakikunja kitenge vizuri, pindo kwa pindo, nikamrudishia bila kukitia mkasi. Nilimwambia nitashona siku binti yangu atakaponipigia simu na kusema nishone. Akasema hasira zangu ni za kuweka ghalani kama mahindi. Nikamjibu kwamba ndiyo, na mwaka huu yamejaa. Akaondoka bila kuaga.

Siku mbili baadaye binti yangu akapiga simu. Baba yake mkubwa alikuwa amemtafuta. Alimuuliza kama anaitaka hiyo shukrani au haitaki.

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia angoje," akasema. "Bado nafikiri."

Nikamwambia afikiri polepole.