Kiingereza cha Baba Mkwe

Baba mkwe alipopata kiharusi, tulimtoa kijijini Masukulu tukamleta kwetu Msasani, mtaa wa mji wetu huku milimani, ili awe karibu na hospitali. Mume wangu ni dereva wa lori, muda mwingi yuko njiani. Mzee akawa wangu, tena katikati ya masika.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana akimwona baba mkwe njiani alichepuka akajificha mpaka apite. Sisi wa siku hizi tunasalimiana, tunasali kanisa moja. Lakini kumvua mzee suruali iliyolowa ni habari nyingine. Aliona haya, nami niliona haya. Basi akikojoa kitandani alinyamaza, akalala humohumo mpaka nijue kwa harufu.

Nilifua kila asubuhi. Jua halikuonekana, ukungu uliingia mpaka jikoni. Shuka nilizikausha juu ya jiko la mkaa, zikanuka moshi na bado hazikukauka. Vidole vyangu vilikunjamana kama vya mtu aliyeshinda mtoni. Usiku niliota nakamua.

Siku moja niliona mgongo wake umeanza kuchubuka. Nikakaa chini palepale, sina nguvu hata ya kukasirika.

"Baba, niite tu. Ukilala kwenye maji utaoza mgongo."

Akageukia ukutani.

Kesho yake nikiwa namenya ndizi nikasikia, "Mama! *Drouk!*"

Nilikimbia nikidhani ulimi umempinda tena. "Unasemaje, baba?"

"*Drouk*. Kulowa chapachapa." Alisema taratibu, macho yakiwa darini. "Ni Kiingereza cha kale. Waingereza wenyewe wameshakiacha."

Alifundisha Kiingereza shule ya msingi miaka mingi, na kamusi aliisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Sasa alikuwa amepata lugha ambayo haikuwa na aibu yetu ndani yake. Tangu hapo aliniita. *Humect* ilikuwa unyevu kidogo, nimalizie kwanza kazi yangu. *Madefy*, shuka imelowa. *Drouk*, mpaka godoro.

Jirani yangu alikuwepo siku moja mzee alipoita, "*Madefy*, mama!"

"Anaomba nini?" akauliza.

"Anasali," nikamjibu, nikaenda na beseni.

Mgongo ulipona. Uchovu wangu haukupungua. Kufua ni kufua, hata ukiitwa kwa Kiingereza. Ila sikuwa tena nikinusa chumba cha mkwe wangu kama mwizi. Nikimfuta alifumba macho, nami nilimuuliza maneno mengine, tukazungumza hayo mpaka nimalize.

Mume wangu aliporudi, aliketi sebuleni na chai yake. Mzee akaita, "*Drouk!*"

"Baba anaumwa?" mume wangu akaniuliza.

"Amelowa," nikasema. Nilikuwa nimeegemea mlango na sikunyanyuka. "Maji ya moto yapo jikoni. Shuka ile kavu ndiyo ya mwisho."

Aliweka kikombe chini, akaenda. Nilimsikia akiangusha beseni, akiomba radhi, kisha mzee akimwelekeza kwa Kinyakyusa anyanyue mguu upi kwanza. Walichukua muda mrefu. Nilijilaza kwenye kochi na kanga yangu yenye majimaji, nikasinzia kabla hawajamaliza.