Fomu Sita na Kichaka cha Mirehani

Mwandiko wangu ni mzuri, sauti yangu ndiyo mbovu. Mwalimu akiniuliza swali, jibu hunikwama kooni, basi naliandika daftarini na kulisukuma mbele alisome mwenyewe. Wenzangu walicheka mpaka wakachoka. Ndiyo maana mtaalamu wa mazingira alipokuja mtaani kwetu Likoni, upande ule unaoteremka kwenye mikoko, akauliza nani atamsaidia kujaza fomu, jirani mmoja alimwambia, "Mchukue huyu. Hatakuchosha kwa maneno."

Nilikuwa likizoni, kidato cha tatu. Kampuni moja ilitaka kujenga yadi ya makontena kwenye shamba la zamani lililo kati ya nyumba zetu na mikoko. Wenye shamba walikuwa wameshaliuza na kuhama. Sisi tulilitumia kupita, kuokota kuni na kuchuma mchicha wa mwitu. Vijana wa mtaa waliitaka yadi kwa sababu ya kazi. Wazee waliogopa vumbi na malori. Mimi sikuwa na upande. Nilitaka tu likizo iishe bila mtu kunisemesha.

Mtaalamu alikuwa kijana mrefu mwenye miwani, buti zake zimejaa tope la mikoko. Siku tatu alizunguka shambani na kalamu sikioni. Alihesabu ndege, akapima kelele kwa kidude kama simu, akachota maji chupani na kuzibandika chupa karatasi. Wanawake waliokuwa wakijaza mitungi bombani walimtania.

"Baba, hao kaa ukishamaliza kuwahesabu, niwekee wanne wa mchuzi."

"Wameshaandikwa, mama. Ukila mmoja nitaonekana mwongo."

"Basi andika na mimi nipo. Nisije nikalazwa chini ya kontena."

"Wewe ndiye wa kwanza kuandikwa," alisema, na akanipa mimi fomu.

Alinieleza kazi tukiwa tumekaa kwenye baraza ya nyumba yetu. Alisema mradi mkubwa hauanzi kwa tingatinga, unaanza kwa maswali. Unauliza kabla hujachimba, kwa sababu ukishachimba kuuliza hakuna maana. Ripoti yake haikuwa ya kuzuia yadi, wala haikuwa ya kuisifu. Kazi yake ni kumwambia mwenye mradi anakanyaga wapi na nani ataumia, ili yanayoweza kuepukwa yaepukwe, yasiyoweza yapunguzwe, na yakishindikana kabisa watu wajue mapema. Kisha alisema neno ambalo mpaka leo linanirudia. Alisema kitu kisichokuwa kwenye ripoti, mkandarasi hakijui, na asichokijua atakipita juu.

Niliitikia kwa kichwa. Swali la kumi na moja la fomu nilikuwa nimeshaliona. Lilisema: *Je, ndani ya shamba au karibu nalo kuna makaburi au mahali panapoheshimiwa?*

Nilikuwa najua jibu tangu nikiwa na miaka saba.

Mwaka huo mama alikuwa mjamzito, kisha siku moja nikatoka chuo cha Kurani nikamkuta amelala kaelekea ukutani, tumbo halipo, na mtoto hayupo. Jirani yetu mzee, bibi aliyekuwa mkunga wa mtaa mzima, alikuwa akitoka mlango wa uani. Kwenye pindo la leso yake alishika kitu kilichofungwa bafta nyeupe, kidogo kama mkate wa boflo. Lilikuwa jua la saa tisa, hata kuku wamejificha. Nikamfuata. Alikwenda shambani, penye kichaka cha mirehani, akachimba kwa jembe la mkono, akafukia, akapachika kitawi cha mrehani kwenye udongo mbichi. Alipogeuka akaniona.

Hakunigombeza. Alisema, "Mtoto asiyelia hana matanga. Na wewe hukuona kitu."

"Abee," nikajibu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi ya wanawake wa mtaa wetu. Mtoto aliyezaliwa kimya hakutangazwa, hakuwekewa jiwe, wala hakuzungumzwa, ati asije akamwita mwenzake. Mwanamume huambiwa tu kwamba mambo yamekwisha. Mirehani inachumwa kila mahali Mombasa, kwa vikuba vya kujipamba na kwa maiti, lakini ile ya shambani sikuona mtu akiikata hata jani. Nilidhani ni kwa sababu ya ndugu yangu peke yake.

Tukaanza kujaza. Mtaalamu aliuliza, mimi niliandika. Wanawake sita siku ile walikuwa nyumbani, mama akiwamo, na bibi mkunga akiwa wa mwisho. Maswali ya maji, ya vumbi, ya kazi, waliyajibu kwa maneno mengi mpaka nafasi ikanipungukia. Tukifika la kumi na moja, sauti zilishuka.

Wa kwanza alirekebisha leso yake kichwani. "Hakuna."

Wa pili alimwita mwanawe aliyekuwa hapo hapo miguuni pake, kisha akasema, "Hakuna, baba."

Wa tatu na wa nne vivyo hivyo. Mmoja aliinuka kwenda kutazama chungu ambacho hakikuwa na moto.

Mama hakunitazama. "Hakuna," alisema. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuiweka chini. Lakini mbele yangu alikaa mwanamume mgeni, na jambo lenyewe lilikuwa la mama, na mimi kusema hata "shikamoo" mbele ya wageni ni kazi. Nikaandika *Hakuna*. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, nikaweka na nukta.

Bibi mkunga aliulizwa wa mwisho. Macho yake hayakwenda kwenye mirehani. Yalikwenda upande mwingine kabisa, kwenye mnazi uliokatika kichwa karibu na mpaka wa juu wa shamba, yakatua hapo, yakarudi. "Hakuna," alisema. "Andika, mwanangu. Mbona wanitazama?"

Mtaalamu alinishukuru, akasema mwandiko wangu utamwokolea siku nzima ya kazi.

Baada ya hapo nilianza kusumbuka. Watu husema wanasikia vilio. Mimi nilisumbuliwa na kimya. Mtoto wa jirani akilia, nilijikuta nasikiliza baada ya kilio chake, kama kwamba zamu ya mwingine imefika na yeye hataki kuanza. Nilikuwa nikifungua daftari la hesabu mchana mweupe, napata harufu ya mrehani kwenye karatasi. Nilibadilisha kalamu. Harufu haikubadilika. Vijiti vya mpaka vyenye kitambaa chekundu vilishapigwa shambani, na kimoja kilisimama katikati ya kichaka. Kila nikipita nilijiambia, kimewekwa hapa kwa sababu yangu.

Mwezi wa pili tangu fomu, bibi mkunga alihamia Bombolulu kwa bintiye, maana miguu ilikuwa imeanza kumkataa. Wiki hiyo hiyo tulisikia ripoti imewekwa ofisi ya chifu, kila mtu ana ruhusa kuisoma na kutoa maoni kwa maandishi, mwisho Ijumaa. Nilikuwa nimetumwa huko kugongesha muhuri karatasi ya basari ya karo. Ripoti ilikuwa mezani, nene, na juu yake mtu ameweka kikombe.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Vitu vyote vilikuwamo. Ndege walikuwamo kwa majina yao, kaa, mikoko mikubwa na midogo, njia ya maji ya mvua, hata ule mnazi uliokatika kichwa. Kulikuwa na ukurasa mzima wa kueleza kwamba yadi ingeweza kusogezwa kidogo kutoka kwenye mikoko, na mwenye mradi amekubali. Kwenye orodha ya mimea nikakuta: *Mirehani, kichaka kimoja. Haihitaji hifadhi maalumu.* Yaani aliiona. Alisimama pale na buti zake, akaandika jani, na kilicho chini ya jani hakuna aliyemwambia.

Ukurasa uliofuata ulisema: *Kwa mujibu wa wakazi waliohojiwa, hakuna makaburi.* Na nyuma kabisa zilikuwa fomu zenyewe, zimetolewa kopi. *Hakuna* sita, zimelingana kama zimepigwa chapa. Karani wa chifu aliniuliza kama naumwa.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Nilipofika nyumbani mama alikuwa amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi. Baba alikuwa kazini Magongo, harudi mpaka mwisho wa wiki. Nilisimama mlangoni mpaka mama akasema, "Haya, sema. Umekaa kama askari."

"Kile kijiti chekundu kiko juu ya mtoto."

Hakuuliza mtoto gani. Aliendelea kukuna.

"Nani alikwambia?"

"Niliona. Nilimfuata bibi."

"Miaka yote hii wajua?"

"Abee."

Alikuna mpaka mbuzi ikafika kwenye kifuu na nazi ikaanza kutoka ya kahawia. Aliitazama, akaweka kifuu kando.

"Alikuwa wa kike," alisema. "Sikupewa kumshika. Waliniambia nikimshika nitazidi kuumia. Wallahi, sijui kama ningezidi." Alijifuta mikono. "Na hao wa ofisini, ukiwaambia sasa, si watasema twatafuta fidia?"

"Watasema labda. Lakini kisichoandikwa atakipita juu. Yeye mwenyewe alisema."

Nilishangaa kusikia sauti yangu. Mama naye alishangaa, nadhani, maana alinitazama kwa muda.

"Andika kuna," alisema. "Weka jina langu. Lakini ngoja kwanza."

Akajitanda leso, akatoka. Niliona akiingia nyumba ya kwanza, akikaa, akitoka, akiingia ya pili. Nilidhani anakwenda kuomba radhi kwa aibu atakayowaletea. Alasiri walikuja wote wanne kwenye baraza yetu, wakakaa, na yule wa kwanza akarekebisha leso yake kichwani kama siku ile.

"Wangu wawili," alisema. "Pacha. Andika wawili."

"Wangu yuko upande wa bomba," alisema wa pili.

Wa tatu alikuwa na wake. Wa nne alikuwa na wake. Kila mmoja alikuwa amedhani kichaka kile ni chake peke yake. Yule mwenye chungu kisicho na moto alisema, "Mimi nilikuwa nikipita nasema, huu mrehani wastawi kwa sababu ya mwanangu. Kumbe nyote mwautilia maji." Mama akacheka, halafu akafunika uso.

Niliandika barua kurasa mbili. Niliandika pia kwamba fomu zile nilijaza mimi, na kwamba nilipoandika *Hakuna* ya kwanza hadi ya mwisho nilikuwa najua. Mama alisema sehemu hiyo si lazima. Niliiacha humo humo.

Ilibaki fomu ya sita. Alhamisi tulivuka feri, mama na mimi, tukapanda hadi Bombolulu. Bibi mkunga alikuwa amekaa chumbani kwa bintiye, miguu juu ya mto. Alitukaribisha kwa chai ya tangawizi, akauliza habari za kila nyumba. Mama alimweleza. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa.

"Sawa. Wao ni wazazi, wana haki ya kusema. Mimi niliwafichia kwa sababu waliniomba."

"Na wewe, bibi?" nikauliza.

"Mimi nini?"

"Upande wa mnazi."

Mama alinigusa goti. Bibi alinyanyua kikombe, akakiona ni kitupu, akanywa hivyo hivyo.

"Mwanangu, nishakujibu. Hakuna."

Tulipoaga nilimwamkia kwa mikono miwili. Aliishika mikono yangu zaidi ya kawaida, akasema, "Marahaba."

Wiki mbili baada ya barua kufika kwa chifu, mtaalamu alirudi, na safari hii alikuja na mwenzake wa kike. Mwenzake huyo alimwambia abaki barabarani. Aliwafuata wale watano shambani mmoja mmoja, kila mmoja akaonyesha mahali pake, na yeye akapachika kijiti cheupe. Mtaalamu aliniita kando. Nilitarajia kugombezwa.

"Lile swali nililiuliza vibaya," alisema. "Nilikuja mwanamume, nikauliza barazani, mbele ya mtu na binti yake. Nililitaka jibu la haraka."

"Na mimi nililiandika."

"Ndiyo," alisema, na nilishukuru kwamba hakunibishia. "Kuna mwingine yeyote?"

Nilitazama mnazi uliokatika kichwa. Nilifikiria nitaandika nini. Kwamba bibi mmoja alitupia macho pale? Kwamba alikunywa kikombe kitupu? Mwenyewe amesema hakuna, mara mbili, na mara ya pili nilikwenda mpaka kwake kumwomba aseme kuna. Ilikuwa yake kusema.

"Hakuna," nilisema.

Ripoti ilirekebishwa. Ukuta wa yadi ulipinda ukaacha kichaka nje, na nafasi ya watu kusimama. Mama huenda pale Ijumaa baada ya adhuhuri. Siku moja alichuma jani moja, la kwanza, akalinusa, akaliweka kwenye nywele zangu.

Kwa sababu ukuta ulipinda huku, geti la malori lilibidi lisogezwe hadi mpaka wa juu. Tingatinga lilianza na mnazi. Nilikuwa nimesimama barabarani na mkoba wa shule, asubuhi, watu wakipita kwenda kazini. Lilisukuma mara moja tu, ukaanguka na mizizi yake, na dereva akaendelea na udongo uliobaki shimoni. Nilitazama shimo lile mpaka nikachelewa shule. Sikuona kitu. Nimeandika hapa kwamba sikuona kitu, na mwandiko wangu, nikiutazama, ni ule ule.