Mwanafunzi Wangu Alipokuja Kunipima

Nilikuwa na digrii ya Jiografia na miaka sita ya kufundisha katika shule ya upili ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wazazi, pembeni mwa mji wa Isiolo, lakini kwa serikali sikuwa mwalimu. Nilikuwa mtu anayesimama mbele ya darasa. Kisha, miaka ya themanini, waraka ukatujia: wenye digrii ambao hawakusomea ualimu wangeweza kuupata kwa njia ya mkato, yaani kozi za likizo, vitabu vya kuletwa kwa posta, na vipindi viwili vya kukaguliwa na mwalimu aliyehitimu. Ukianguka vyote viwili, kazi huna. Nilikuwa na mke, watoto wawili na chumba cha kupanga mtaa wa Bulla Pesa, kwa hiyo sikucheka.

Shuleni kwetu aliyehitimu alikuwa mmoja tu, kijana aliyetoka chuo cha ualimu mwaka uleule. Mimi ndiye niliyemfundisha Jiografia tangu kidato cha kwanza, na sijui nilimtoa nje mara ngapi kwa kupiga domo. Siku ya kunikagua aliingia na fomu yake, akasema, "Salaam aleikum, mwalimu," kwa adabu zote, akaketi dawati la nyuma na kutoa kalamu nyekundu.

Kipindi cha kwanza nilifundisha nilivyozoea. Niliwaambia wanafunzi wachore njia ya kwenda Garbatulla bila kutazama kitabu, waonyeshe visima na mito ile mikavu tunayoiita lagga. Wengi walikuwa wameipita, tena nyuma ya ng'ombe. Huyu anasema kisima kiko kabla ya lagga, yule anaapa ni baada, wawili wananyang'anyana chaki. Nilitoka nimejaa vumbi na furaha. Nikaanguka. Lengo halikuandikwa, chati hakuna, darasa lina kelele.

Nilimfuata chumba cha walimu nikiwa nimefura. Akainamisha macho.

"Mwalimu, mimi nilipita Jiografia juu ya hiyo kelele yako," akasema. "Lakini hii fomu haina mahali ya kuandika kelele."

Hasira ziliniisha, woga ukabaki.

Jumapili nzima mimi na mke wangu tulipaka rangi chati. Niliandika malengo matatu yanayopimika. Kipindi cha pili kilipofika niliuliza swali, nikangoja kidogo kama kitabu kinavyotaka, nikataja jina, nikasema "vizuri sana" hata kwa aliyejibu upuuzi. Nilieleza aina tatu za mvua kwa watoto ambao mwaka huo hawakuwa wameona hata moja. Hakuna aliyezozana. Nzi tu ndio waliosikika. Kengele ilipolia nilikuwa kwenye mstari wa mwisho wa andalio langu la somo, na mkaguzi wangu akanipa mkono mbele ya wote. Nimepita, tena kwa alama za juu.

Alipotoka nikaanza kukunja chati zangu. Msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono, akangoja nitaje jina lake.

"Mwalimu, hiyo mtihani yako ikiisha, utarudi kutufundisha?"

Nilikuwa mwalimu kamili kwa dakika tano tu, na tayari nimeshindwa kujibu swali la mwanafunzi.